Jembe na Kitabu: Walimu wa Sekondari na Maana ya Elimu ya Utumishi

Wahenga wetu walinena, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mara nyingi methali hii hutolewa kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina maana nyingine iliyo pana zaidi. Siku mbili za kwanza mgeni hutandikiwa jamvi, huletewa maji na chakula, wala haulizwi neno. Siku ya tatu anapokabidhiwa jembe huwa ameambiwa kwamba yeye si mgeni tena: shamba ni lake pia, jasho ni lake, na mavuno yatakuwa yake. Kwa hiyo jembe katika methali hii si adhabu. Ni alama ya uenyeji.

Tumeanza na methali hii kwa sababu katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali moja la historia ya elimu katika taifa letu. Walimu wa shule za sekondari walipotakiwa kumpa mwanafunzi jembe pamoja na kitabu, waliielewaje kazi hiyo? Je, walimpa jembe kama mwenyeji apewavyo, au kama mfungwa apewavyo?

Kwanza hatuna budi kueleza maana ya maneno tutakayoyatumia. Elimu ya utumishi ni mafunzo ambamo mwanafunzi hufanya kazi yenye manufaa ya kweli kwa watu, na kwa njia ya kazi hiyo akajifunza jambo ambalo asingelijifunza vema kwa kukaa darasani tu. Mambo hayo mawili sharti yaandamane. Kazi isiyo na mafunzo ni kibarua, na mafunzo yasiyo na kazi huweza kumfanya mtu kuwa kasuku. Wataalamu wa Marekani walianza kuipa elimu ya namna hii jina lake maalumu katika miaka ya 1966 na 1967. Katika miaka hiyohiyo sisi Watanzania tulikuwa tukijadili jambo lililo jirani sana na hilo, kwa lugha yetu wenyewe na kwa sababu zetu wenyewe. Tuliliita Elimu ya Kujitegemea.

Mafunzo ya kazi kabla ya shule

Kabla ya kuja kwa shule za kigeni hapakuwa na ukuta baina ya kujifunza na kutumika. Mtoto wa mfugaji alijua majina ya majani kwa kuchunga, na mtoto wa mvuvi alijua pepo na maji kujaa na kupwa kwa kwenda baharini na baba yake. Usukumani vijana walijiunga katika vikundi vya kulima, wakalima mashamba ya watu kwa zamu huku ngoma ikilia. Ngoma ya bugobogobo, ambayo huchezwa kwa majembe hata leo, ni ukumbusho wa utamaduni huo. Upareni watu walikusanyika katika msaragambo ili kuzibua mifereji na kutengeneza ndiva za kuhifadhia maji. Kijana aliyebeba udongo siku hiyo alijifunza mteremko wa maji, alijifunza zamu ya kila mtu katika kuyatumia, na zaidi ya yote alijifunza kwamba mfereji ukiziba kwa jirani huwa umeziba kwake pia.

Hatusemi kwamba elimu hiyo ilikuwa kamilifu. Ilimfunga mtu katika kazi za ukoo wake, na mara nyingi ilimnyima msichana nafasi ya kuchagua maisha yake. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja ambayo tutaihitaji baadaye katika makala haya: mkubwa aliyefundisha kazi aliifanya pamoja na mdogo, na wakati wa kupumzika alimweleza sababu zake.

Urithi wa ukoloni

Shule za serikali ya Wajerumani, kuanzia ile ya Tanga ya miaka ya mwanzo ya 1890, zilianzishwa ili kupata makarani, wakalimani na maakida. Waingereza walipoishika nchi walileta mawazo mengine juu ya elimu ya Mwafrika. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizuru Afrika ya Mashariki ikashauri kwamba elimu ilingane na maisha ya vijijini, hasa kilimo na afya. Mwaka 1928 Bwana W. Bryant Mumford alianzisha huko Malangali, katika nyanda za Iringa, shule iliyojaribu kufuata mila za wenyeji katika malezi na kazi za kila siku.

Mawazo hayo hayakuota mizizi, na sababu yake si ngumu kuielewa. Serikali iliyohimiza kilimo shuleni ndiyo hiyohiyo iliyompa mshahara karani, ikamwacha mkulima na kodi. Wazazi hawakuwa wajinga. Waliona wazi kwamba mlango wa heshima ulifunguliwa kwa kalamu, na wengi wao wakashuku kwamba elimu ya jembe ilikuwa hila ya kuwazuia watoto wao wasiufikie mlango huo. Ndani ya shule nazo, mtihani uliotungwa ng'ambo ndio uliotawala. Shambani alipelekwa aliyechelewa kengele, aliyepiga kelele au aliyekutwa akisema lugha iliyokatazwa. Mwanafunzi akajifunza somo ambalo halikuwamo katika muhtasari wowote: kwamba jembe ni la mkosaji.

Hivyo basi, tulipopata Uhuru mwaka 1961, mwalimu wa sekondari alirithi majengo, vitabu na mitihani, na pamoja na hayo alirithi mazoea hayo. Tena wakati huo sehemu kubwa ya walimu wa sekondari walikuwa wageni kutoka nchi za nje. Wengi walikuwa watu wa nia njema, lakini hawakukijua kijiji kilichokuwa nyuma ya ua wa shule.

Mshtuko wa 1966 na mwito wa 1967

Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na vijana waliingia kwa hiari. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wasomi pia walitumikie taifa kwa mujibu wa sheria. Utumishi huo ulikuwa wa miaka miwili. Sehemu yake ilikuwa ya kambini, na sehemu iliyobaki, iliyokuwa kubwa zaidi, ilikuwa ya kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana Dar es Salaam kuupinga utaratibu huo, na baadhi ya mabango yao yalidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikapunguzwa baadaye.

Tukio hili huelezwa zaidi kama jambo la siasa. Sisi tunaliona pia kama mtihani waliofanyiwa walimu wa sekondari pasipo wao kujua. Vijana wale walikuwa wamekaa miaka mingi katika shule za bweni, wakilishwa kwa kodi ya wakulima, wala hawakuwa wamepata nafasi ya kuliona deni hilo. Walikuwa wageni waliotandikiwa jamvi kwa miaka kumi na zaidi. Walipoletewa jembe ghafula waliliona kuwa ni tusi.

Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huohuo ukatolewa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea. Aliyeuandika alikuwa mwalimu wa sekondari kwa kazi yake ya asili, kwani alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria na baadaye Pugu katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Alionyesha kwamba wanafunzi wapatao asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari, ilhali shule ya msingi yenyewe iliwatayarisha wote kwa ajili ya hao wachache.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mwongozo ule haukusema tu shule ziwe na mashamba. Ulitaka wanafunzi washiriki katika kupanga, waweke hesabu, washauriane juu ya matumizi ya mapato, na wajifunze kutokana na makosa yao wenyewe. Kwa maneno mengine, shamba lilikusudiwa kuwa darasa lisilo na paa. Haya yalikuwa madai makubwa kwa mwalimu ambaye yeye mwenyewe hakusomeshwa hivyo.

Namna tatu za kuelewa

Tukiyatazama mambo yalivyokwenda katika miaka iliyofuata, tunaona kwamba walimu waliupokea mwito huo kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ilikuwa kuiona kazi kama njia ya kupata mali. Baada ya muda shule zilitakiwa zibebe sehemu ya gharama zake zenyewe, na swali la kwanza la mkaguzi au mgeni rasmi likawa ni la magunia. Mwalimu aliyesimamia miradi akafikiri kwamba wajibu wake ni kujaza ghala. Hatuidharau mali hiyo, kwa maana katika mwaka wa njaa wa 1974, ulipotangazwa mwito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, mahindi ya shule yalikuwa na thamani kubwa. Lakini mahali ambapo magunia ndiyo yaliyokuwa kipimo pekee, mwanafunzi aligeuka kibarua asiyelipwa. Swali la kwa nini mavuno yamepungua halikuulizwa, kwa sababu jibu lake halikuongeza gunia.

Namna ya pili ilikuwa kuiendeleza desturi ya zamani chini ya jina jipya. Katika ratiba paliandikwa "Elimu ya Kujitegemea," lakini mwalimu alisimama kivulini na fimbo, na mkosaji aliongezewa matuta. Asubuhi mwanafunzi huyo aliambiwa katika somo la Siasa kwamba kazi ni utu, na jioni akapewa kazi kama adhabu. Mtoto hujifunza zaidi kutokana na anachotendewa kuliko anachoambiwa. Wazazi nao wakapata sababu ya kulalamika kwamba waliwapeleka watoto shuleni wakasome, si wakalime, na hatuwezi kuwalaumu, kwani katika shule kama hiyo kulima na kusoma vilikuwa mambo mawili yaliyopigana kweli.

Namna ya tatu ilikuwa ngumu zaidi, nayo ndiyo iliyokusudiwa. Na tuseme kwamba shule ina shamba la mahindi la ekari tatu. Mwalimu wa hisabati hulipima pamoja na wanafunzi na kukadiria mbegu na gharama. Mwalimu wa jiografia huwaonyesha namna ya kupima mvua kwa kopo na rula, na kila siku mmoja wao huandika kipimo chake. Mwalimu wa elimu ya viumbe hupasua bua lililotobolewa na kuwaonyesha kiwavi aliyemo ndani. Mwalimu wa historia huwaeleza kwamba mahindi yenyewe ni mgeni kutoka bara la Amerika aliyeletwa na safari za Wareno, akapewa jembe akawa mwenyeji. Mavuno yakishapatikana, wanafunzi hufanya mkutano, mmoja wao huandika kumbukumbu kwa Kiswahili fasaha, nao huamua ni kiasi gani kitaliwa, ni kiasi gani kitauzwa, na fedha itanunua nini.

Kisha na tuseme wanafunzi hao wanakwenda kijijini kuwafundisha wakulima kupanda kwa mistari. Mzee mmoja anawasikiliza mpaka mwisho, halafu anawauliza mbona wameyaacha maharage. Anawaeleza kwamba yeye huyapanda katikati ya mahindi ili yafunike udongo usikauke, na kwamba mvua ikikatika mapema mahindi yakafa, maharage humwokoa. Wanafunzi waliokuja kufundisha wanarudi shuleni na swali. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza. Asiyeelewa atasema mzee huyo ni mshamba na mambo yataishia hapo. Anayeelewa atawauliza vijana wake mambo matatu: mmeona nini, kwa nini iko hivyo, na sasa tufanye nini? Pengine watatenga vipande viwili vya shamba la shule, kimoja cha mahindi matupu na kingine cha mchanganyiko, wapime wenyewe, kisha wampelekee mzee majibu. Siku hiyo kijiji na shule vitakuwa vimetumikiana, na mwanafunzi atakuwa amejifunza kwamba elimu yake haimpi cheo juu ya watu bali kazi miongoni mwao.

Tofauti ya namna hizi tatu, kwa hakika, haikuwa katika jembe wala katika shamba. Shamba lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa katika maswali ya mwalimu kabla ya kazi na baada yake, na katika mikono yake mwenyewe, kama ilishika mpini au haikuushika.

Mfano wa kisomo

Kama kuna mahali ambapo utumishi na mafunzo vilikaribiana sana, basi ni katika kampeni ya kufuta ujinga. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata wilaya chache, zikiwamo Mafia na Ukerewe, ziliwekewa lengo la kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na baadaye juhudi hiyo ikaenea nchi nzima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Baada ya mtihani wa kwanza wa taifa wa mwezi Agosti 1975, kadirio lilishuka hadi asilimia 39. Walimu wa kawaida peke yao wasingeliweza kuubeba mzigo huo. Wanafunzi, makarani, wafanyakazi na wanakijiji wenye elimu kidogo waliingia katika madarasa ya jioni, mengine chini ya miti, wakafundisha kwa vitabu vilivyohusu pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji.

Tufikiri juu ya kijana wa kidato cha tatu aliyesimama mbele ya wanafunzi waliomzidi umri mara tatu. Alihitaji kuwaamkia "Shikamoo" kabla ya kuwafundisha irabu. Alikuta kwamba mama asiyeweza kuandika neno "pamba" aliijua pamba yenyewe, tangu kuipanda mpaka kuiuza, kuliko kitabu alichokishika yeye. Kwa hiyo alilazimika kufundisha bila ya kudharau. Hali kadhalika katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo iliwashirikisha watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, somo halikuishia katika kusikiliza: watu walichimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao.

Kwa nini kisomo kilifaulu pale ambapo mashamba mengi ya shule yalilegalega? Tunaona sababu mbili. Kwanza, hapakuwa na njia ya kukigeuza kuwa adhabu, maana huwezi kumwadhibu mtu kwa kumpa heshima ya kuitwa mwalimu. Pili, matunda yake yalionekana kwa yule aliyetumikiwa: mama aliyesoma barua ya mwanawe kwa macho yake mwenyewe hakuhitaji kuelezwa faida ya shule.

Utumishi uliowekewa alama

Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma lilikaza uzi. Liliagiza kwamba kijana asiende Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni bila ya kwanza kufanya kazi na kupata sifa njema za wenzake kazini. Mtihani wa mwisho nao haukuwa tena kipimo pekee cha mwanafunzi, kwani maendeleo yake ya kila siku yaliingizwa katika hesabu.

Nia ilikuwa njema, lakini mwalimu wa sekondari alitwishwa mzigo mpya. Mwenendo na moyo wa kazi hupimwaje? Mbele ya darasa la wanafunzi zaidi ya arobaini, ilikuwa rahisi kumpa alama nzuri aliye mtiifu kuliko aliyeuliza kwa nini matuta yanaelekezwa huku na si kule. Utumishi unapotolewa alama pasipo mazungumzo, mwanafunzi hujifunza kumpendeza mwalimu badala ya kuitumikia jamii.

Hatukusudii kuwalaumu walimu. Wengi wao hawakupewa mafunzo ya kuifanya kazi hii. Muhtasari wa masomo na muhtasari wa shamba viliwafikia kama karatasi mbili zisizojuana. Miaka ya 1980 ilipoleta uhaba wa kila kitu, tangu chaki mpaka jembe lenyewe, wengi walifanya walichoweza. Hatimaye utumishi wa vijana kwa mujibu wa sheria katika Jeshi la Kujenga Taifa ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa muda mfupi zaidi kuliko ule wa zamani. Mashamba ya shule mengi yalibaki, lakini maelezo yake yalipotea.

Hitimisho

Leo jambo hili limerudi mlangoni petu. Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la 2023 imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na kwa mara nyingine mwalimu anatakiwa kuiunganisha mikono ya mwanafunzi na akili yake. Historia tuliyoieleza inatufundisha kwamba karakana na mashamba hayatoshi. Mwalimu naye hana budi kufundishwa namna ya kuuliza, namna ya kuwasikiliza wanakijiji mbele ya wanafunzi wake, na namna ya kuigeuza kazi ya mikono kuwa jambo la kufikiriwa. Na shule isimpe mtu jembe kwa kosa, hata mara moja, kwa kuwa siku moja ya adhabu huweza kuyafuta mafunzo ya mwaka mzima.

Nanyi wanafunzi mtakaoyasoma makala haya mnalo swali la kuwauliza walimu wenu kwa adabu mtakapopelekwa shambani au kijijini: leo tunakwenda kujifunza nini? Mwalimu aliyejiandaa atalifurahia. Asiyejiandaa atalazimika kulitafutia jibu, na kwa kulitafuta atakuwa ameanza kuielewa elimu ya utumishi. Siku hiyo jembe litarudia maana waliyoijua wahenga wetu. Litakuwa neno la kumkaribisha mtu nyumbani.